Liache Lilale

Saa kumi na mbili na robo, Nkuhungu,
Julai, upepo unakwaruza uso kama msasa.
Nimevaa sweta mbili, kanga kichwani,
pesa nimeifunga tumboni: milioni sita na laki mbili,
misimu miwili ya zabibu za Hombolo
na ndama mmoja ambaye watoto walimlilia.

Dalali amenitangulia. Anaitwa Chedego,
anacheka kwa meno yote.
"Mbukwenyi, mama! Gari hili lilikuwa la mtumishi,
mwanamke kama wewe. Kazini, kanisani, nyumbani.
Dar limekwenda mara moja, tena kwa msiba."

Sikumjibu. Niliweka kiganja juu ya boneti
jinsi ninavyoshika paji la mtoto usiku.

Ilikuwa na joto.

Kila chuma mtaani kilikuwa barafu:
ndoo, geti, baiskeli ya mlinzi,
hata sufuria iliyolala nje na ukoko wa uji.
Gari hili peke yake lilikuwa na homa.

Basi najua, Chedego. Kuna mtu ameamka saa kumi
akaliwasha, akangoja likohoe kikohozi chake chote,
akaufukuza moshi kwa tambara,
kisha akalizima, akajifanya
ndiyo kwanza anatafuta mswaki.

Mloli, kaka yangu, aliyekuwa na gereji Kizota
mpaka mgongo ulipomkatalia kuinama,
alinifunza kwa kidole changu mwenyewe:
"Fungua kifuniko cha oili, chungulia chini yake.
Ukiona kitu kama mtindi, maji yameingia kusikoruhusiwa;
funga, aga, nenda zako.
Vuta kijiti. Oili nyeusi si dhambi, ni kazi.
Ila ikiwa safi mno, kwenye gari la miaka kumi na minane,
jiulize imebadilishwa jana ili ifiche nini.
Moshi wa bluu, linakula oili.
Mweupe usiokoma, wenye harufu ya utamu, linakunywa maji.
Na rejeta ya moto usiifungue,"
akanigeuzia shavu lenye kovu.

Nikafungua. Mtindi hakuna.
Nikavuta kijiti: asali ya Itigi, mpya, inang'aa.
Nikainama kutazama chini ya injini.
Uwanja mzima una majani na vizibo vya soda,
pale tu pamefagiliwa. Duara moja, kama sinia.

Mita inasema kilomita elfu sabini na mbili.
Pedali ya breki inasema vingine:
mpira umelika hadi chuma kinaniangalia.

"Washa usikie, mama!" Akawasha mwenyewe.
Likaitika mara moja, laini,
kama mtoto aliyefundishwa shikamoo
dakika tano kabla ya wageni.

Ningeweza kumtukana. Ulimi ulikuwa tayari.
Ila nikaziona kreti zangu,
vichala vinene juu, nimevipangusa vumbi kimoja kimoja,
na chini yake vile vilivyopasuliwa na mvua ya Machi,
vimeshaanza kunukia siki.
Mteja wangu wa Dar hajawahi kupindua kreti.
Huwa namwombea asipindue.

Tukatazamana, mimi na Chedego,
injini ikinguruma katikati yetu kwa adabu zake za kuazima.

Nikasema: "Nimelipenda. Leo sinunui.
Nitarudi, siku sikwambii.
Usiliamshe kabla yangu.
Liache lilale na baridi yake na madoa yake,
nataka kulisikia likiamka lenyewe,
halijanawa uso.
Likikohoa, tutaongea bei ya kikohozi."

Akakuna kidevu. "Na ukinikuta sijaligusa?"

"Nitakuletea kreti ya zabibu," nikamwambia.
"Uipindue mwenyewe."

Hakucheka. Alilizima gari,
akauchukua ufagio uliokuwa umeegemea tairi,
akaenda nao nyuma ya nyumba.