Kipande cha Kipande

Mteja wa Kololo aliinama, akachungulia ndani ya mtungi,
akaona sisimizi watatu na bawa la nondo.
"Huyu ametoka wapi?"
Nikasema, kwa Bi Sauda.
"Na Bi Sauda alimtoa wapi?"
Hakununua. Swali akaniachia.

Kitooro, kwenye kitalu changu, ninayo mimea kumi na saba,
inaning'inia kwenye makopo ya rangi,
yote imetokana na kijiti kimoja, urefu wa kalamu,
nilichokatiwa Bombo mwaka ule mvua ilipogoma.

Nikaenda Bombo.
Bi Sauda Farajallah hasikii vizuri siku hizi.
Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko:
jani lilelile, nene kama ulimi wa ng'ombe,
michirizi ileile, rangi ya ini,
na mdomo umepinda kushoto kidogo,
kasoro niliyodhani ni ya kwangu, ya makopo yangu.
"Ibriki hii mume wangu alikuja nayo kutoka Jinja
ndani ya kofia ya chuma.
Wenzake walibeba redio.
Nilimgombeza wiki nzima."

Jinja, nyumba ile sasa ni zahanati.
Ukutani, juu ya mpera, mwingine amepanda hadi kwenye bati,
mlinzi anamwita nsumbi, hajui nani alimpanda.
Nilimgeuza mdomo kwa kidole.
Kushoto.
"Muulize Nyafwono, yuko Tororo," alisema mlinzi,
"baba yake alimpikia Mhindi wa hapa."

Nyafwono alifungua sanduku la bati.
Daftari la mpishi: vitunguu, mkaa, siagi,
deni la senti hamsini lililokatwa kwa mstari mara mbili,
na kwenye ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa mzee Ochwo,
maagizo ya bwana Kantilal, mwaka wa sabini na mbili,
siku aliyosimama barazani na begi moja:

*Maji ya mvua tu. Ya bomba yatamwua.*
*Mbolea asipewe, hujilisha mwenyewe.*
*Nilimpata Entebbe, bustani ya serikali.*
*Usimwambie mtu.*

Usimwambie mtu!
Nilicheka peke yangu hadi basi likafika Iganga.
Siku nne barabarani, nauli imekula mauzo ya mwezi,
kumbe jibu lilikuwa jirani yangu,
dakika kumi kwa miguu kutoka kitandani.

Karani Baluku alipuliza vumbi, akakohoa, akafungua rejista.
Jina la Kilatini lilikuwepo, wino wa kahawia.
*Kipande kimoja, hai, kutoka*
na baada ya *kutoka*, tundu.
Mchwa.
Wamekula bandari, wamekula mlima, wamekula jina la aliyemkata.
Karne nzima anawala wadudu,
nao wamemlia kwao.
"Pole," alisema Baluku, kama tuko msibani.

Ni dume. Kila mwaka husimamisha mkia wa maua,
chavua ya manjano inamwagika sakafuni, naifagia.
Jike sijawahi kumsikia nchi hii.
Hajazaa. Hukatwa tu.
Kwa hiyo wa Bombo si baba wa wangu,
wa Jinja si babu:
ni yeye, yeye yule wa sanduku la melini,
hajafa hata siku moja,
amepitishwa kwa wizi, kwa haraka, kwa kofia.
Na huko mlimani, kama mlima upo,
pengine kisiki kilichobaki kilichipua tena,
mdomo kushoto,
hakijui kama kimeondoka.

Jana nilikata kipande cha kopo la sardini kiwe kibao,
nikachukua msumari:
*Dume. Maji ya mvua tu. Kutoka*

Usubi wa ziwa ulikuwa umeingia kitaluni.
Mmoja alitua kwenye ule mdomo uliopinda,
akanusa, akasogea,
nikasubiri kuona ataangukia upande gani.