Kwanza

Tulipoung'oa mpira wa zamani
ulitoka vipandevipande, mkavu
kama soli ya kiatu cha marehemu.
Chini yake, kwenye ukingo wa bati
ambao jua halikuugusa tangu mwaka sabini na nne,
tukaukuta mwandiko wa baba, kwa penseli:
"Kwanza"
kisha kutu.

"Kwanza nini?" Dardo aliuliza.
Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu
tangu tugawane vyombo vya mama.

Nikapitisha kidole. Kutu ilikuwa imekula sentensi,
ikala na nukta yake. Baba ametutegea
na hayupo wa kututegulia.
Tungempa mji: atwae Paysandú nzima,
na daraja lake, na harufu ya kiwanda cha ngozi upepo ukigeuka,
bora atuambie.
Lakini wafu hawadai miji.

Tukasugua kwa brashi ya waya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu,
ila penye lile neno Dardo alizungusha brashi
kama mtu apitaye kando ya mtoto aliyelala.

Miaka kumi na moja Peugeot hii ilikaa na turubai usoni,
kuku wawili wakitagia kiti cha nyuma.
Kioo tulikipata Salto, kwa mwuza vyuma chakavu,
kimeviringishwa blanketi la farasi, hakina ufa,
na pembeni stika ya kodi ya gari la mtu mwingine.

Tukakivika mpira mpya,
tukalaza kamba ndani ya mfereji wake pande zote,
ncha zikaning'inia. Sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu.
Mimi ndani, magoti kitini;
yeye nje, viganja viwili kiooni.
Vuta, midomo yake ikasema.
Nikavuta. Mdomo wa mpira ukaupanda ukingo
shibiri kwa shibiri, ukilia chwa, chwa,
ngumi yake laini ikiifuata kamba yangu kona hadi kona.
Kiganja chake kilibanwa bapa mbele ya pua yangu:
niliona kovu la ndoana kwenye kidole gumba.
Nilikuwa nimelisahau. Ndoana ilikuwa yangu.

Kikaingia. Tukacheka, tukapokezana kibuyu cha chai chungu,
mrija mmoja.

Ndipo nikaliona boksi mezani:
tepe mbili za kromu, nusu ya kushoto, nusu ya kulia,
na kibanio kidogo cha kuziunganisha katikati,
zilezile alizozisugua kwa majivu kila Jumapili.
Tulijaribu kuzisukuma kwa kipande cha mti,
kwa mpini wa kijiko, kwa matusi.
Mpira ukishabanwa haufungui kinywa.

Dardo akaketi kwenye saruji.
"Kromu," akasema. "Kwanza kromu, punda wewe."
Sikujua kama punda ni mimi, au yeye,
au ndiyo sentensi nzima ilivyokuwa.

Kukitoa kioo ni kugumu kuliko kukitia; sitasema zaidi.
Kabla ya kukirudisha, aliniomba penseli ya nyusi,
akaliandika neno lililopotea kando ya kutu.
Kwa ajili ya nani, hakusema. Sisi sote wawili hatuna watoto.

Mezani kromu ikalala katika mfereji wake bila ubishi.
Kisha tena: kamba, sabuni, magoti, viganja.

Jioni akafungua bomba, akakimwagia kioo maji mengi.
Kromu ikaonyesha anga, paa la jirani, sisi tumepindika.
Pembe ya chini, kushoto,
tone moja likachungulia, likafikiri, likashuka.
Nikachukua gundi.

"Acha," akasema. "Hapo palivuja siku zote.
Baba alikuwa anaweka soksi."

Akavua yake.