Mita Tatu kutoka Ukutani

Mama alisema chumba kimoja tu,
na choo chake, na pahala pa kukaangia samaki
bila ya mkamwana kukohoa kwa makusudi.
Akachora kwa ncha ya fimbo kwenye vumbi la ua,
hapa nyumbani kwetu Mabela,
mstatili uliokwenda upande
kama mkeka uliotandikwa na mtoto.
"Goti langu na ngazi zako, Yaarub,
havisalimiani tena."

Nami niliyekula miaka ishirini
nikichora majumba ya watu
nikadhani chumba kimoja ni kazi ya wiki mbili.

Baladia: mita tatu kutoka ukuta wa nyuma.
Ubavuni mbili. Dirisha lisichungulie.
Nilitoa, nikatoa tena,
ua wa mita kumi na moja ukabaki
upana wa kitanda na mtu wa kukizunguka.
Msichana wa dirishani, Ibtihal kwa kibandiko chake,
alinirudishia ramani mara tatu,
ya tatu kwa sababu ya dirisha:
linamtazama jirani Muqbil akitia udhu.
Basi dirisha likapanda juu, likawa jicho la kengeza
linaloona mbingu tu.
"Na nitajuaje nani kagonga?" mama akauliza.

Halafu karo.
Hakuna aliyekumbuka karo liko wapi.
Baba aliyelichimba hayupo wa kuulizwa.
Sher Zaman, fundi wa Peshawar,
aliigonga ardhi kwa nondo
kama daktari agongaye kifua,
mpaka ikaitika tupu
pale pale mama alipochora mto wa kulalia.

Chumba kikasogea. Bomba likarefuka,
mita ishirini kuizunguka nyumba,
na maji machafu hayana adabu ila ya mteremko:
sentimita mbili kila mita.
Piga hesabu. Choo lazima kipande arobaini.
Choo kikipanda, chumba kimepanda.
Chumba kikipanda, ngazi.
Ngazi! Kitu kile kile tulichokikimbia
kimetangulia kutungoja mlangoni.

Nikaenda kukaa ndani ya gari, kiyoyozi kikivuma,
nikafuta, nikachora.
Njia ya kupanda polepole, basi:
kila sentimita moja ya kwenda juu
inadai kumi na mbili za kutambaa.
Mita tano kasoro kidogo, na katikati yake
mndimu wa mama,
mbegu aliyoifunga kwenye pindo la leso kutoka Wete.
"Tuukate," nikasema, nikitazama kwingine.
"Njia ipinde. Wewe si mhandisi?"
Ikapinda.

Zege tulimwaga saa nane za usiku, mwezi wa saba,
barafu ndani ya maji ya kuchanganyia,
maana mchana lingeganda mdomoni mwa toroli.
Hata hivyo ufa mmoja ulitokea, mwembamba kama unywele,
kutoka kizingitini hadi pembeni.
Nimeuziba. Naujua ulipo.

Na tangi la juu ya paa:
mwezi wa nane maji ya baridi yanaunguza mkono.
Mama ndiye aliyenifundisha.
Zima hita, ligeuze mtungi;
bomba jekundu ndilo la baridi sasa,
la buluu ndilo la moto.
Majumba mangapi nimechora,
na hilo sikulijua.

Alihamia Alhamisi. Usiku nikapita kumwangalia:
kitanda kitupu, kiyoyozi kinampoza nani?
Yeye yuko nje, pale njia inapopinda,
mkeka umeinama naye ameinama nao,
mgongo kwenye mndimu, mbuzi ya nazi mapajani,
sentimita zangu arobaini zimemnyanyua
hata anazungumza na mke wa Muqbil
juu ya ukuta ule ule
ambao dirisha lake lilikatazwa kuuvuka.
"Baraza nzuri," akasema. "Ila mchana jua kali.
Unatia kivuli lini?"

Kivuli ni paa.
Paa ni kibali.
Jumapili asubuhi nimo kwenye foleni;
Ibtihal ameniona toka mbali,
anafungua droo.