Zamu ya Saa Nane

Mfongo wetu hauna mwenyekiti.
Unashuka kutoka msituni, juu ya Mbokomu,
unapita migombani kwa watu kumi na tisa,
na daftari lake ni vichwa vyetu.

Siku ya kuzoa tope, kila nyumba jembe moja.
Kwa Lyaruu wameleta mtoto. Haya,
mtoto ataokota majani.
Aikande ana mimba ya miezi minane,
kaleta kiburu, sufuria nzima:
tukakihesabu kuwa jembe.

Zamu yangu ni saa nane usiku.
Juzi nilifika na kurunzi, maji hakuna.
Nikapanda nao mfongo hadi kwenye gogo la mgomba
lililokandikwa udongo mbichi,
na viazi vikuu vya Ndewario vinaogelea.
Sikupiga kelele. Niling'oa gogo,
nikaliegemeza mlangoni pake,
wima,
kama mgeni anayesubiri kuitikiwa hodi.

Jumamosi kata ya mbege ilizunguka.
Ilipomfikia ilikuwa tupu.
Hakuna aliyepanga.

Nisijifanye malaika.
Mwaka ule wa kiangazi kirefu niliiba na mimi,
nusu saa tu, kahawa ilikuwa inajikunja.
Asubuhi yake mama Kisamo akaja kuomba chumvi.
Nikampa. Akakaa.
Akasifu kuku, akasifu vikombe,
akayatazama matuta yangu yaliyolowa,
akayatazama,
mpaka uji ukapoa.

Alipoondoka
chumvi aliiacha mezani.