Ghala la Vipuri

Siku bendera ilipopandishwa juu ya mgodi, huku Oruro,
Fermín Colque alinikabidhi funguo arobaini na moja.
"Mali yetu sasa, Basilia," akacheka,
macho mekundu kwa moshi wa baruti za shangwe.

Nikafungua ghala. Rafu tupu.
Wahandisi waliondoka na michoro ya pampu,
wakatuachia kalenda
na buti moja la mguu wa kushoto.

Bati ni letu: tunalitoa mlimani kwa mapafu yetu,
tunalipakia treni iendayo bahari isiyo yetu,
linayeyushwa ng'ambo, na bei yake
hutufikia kwa simu ya upepo, kama habari ya msiba.

Mwezi wa tatu wizara ikatuletea mkurugenzi,
shemeji wa mtu. Akaagiza kiti cha kuzunguka.
Pampu nayo ilidai gasketi.
Kiti kilitangulia kufika.

Maji yalipowafika kiunoni katika ngazi ya tisa,
Fermín alichonga gasketi kwenye soli ya buti lile.
Pampu inavuja, lakini inazunguka.

Jana aliniuliza kama tulikosea.
Sikumjibu. Nilimfunulia daftari:
buti, moja, limetumika,
na pembeni, pale alipokuwa akitia sahihi mgeni,
jina langu, kwa mwandiko wangu mbaya.