Daraja la Tano B

Barua ilinikuta karakana ya manispaa,
Thunder Bay, theluji imefika madirishani.
"Bi. Aili Koskela: kuanzia tarehe mosi
unahamishwa kutoka Karani wa Zamu, Daraja la Tano,
kuwa Mratibu wa Siri, Daraja la Tano B.
Mshahara haubadiliki."

Kiti nacho hakikubadilika,
kilekile kinachonibana nyonga ya kushoto.
Redio ileile. Kikombe kilekile, kimemeguka mdomo.
Saa kumi za usiku bado namwambia Orest
mtaa wa Algoma umeganda, mwaga chumvi,
naye bado hujibu, "Nimekupata, Aili."

Siri yenyewe ni ipi? Nimeitafuta.
Ufunguo wa kabati ninao:
fomu za likizo, glavu za ziada,
na panya aliyekauka tangu Novemba.

Meneja alinipa mkono, ati hongera, umepanda.
Kilemba cha ukoka, na nje
ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Nikaenda kwa Gaétan, katibu wa chama.
Akafungua daftari: jina langu limekatwa kwa rula.
Kwa rula!
Miaka kumi na tisa nimekatwa ada,
leo nimekatwa mwenyewe.
"Tumekata rufaa," akasema,
"baraza litakaa mwezi wa tisa,"
na macho yake yakabaki kwenye ile rula.

Juzi walipiga kura ya kugoma.
Nilizihesabu sauti kupitia ukuta.
Sasa wanazunguka pipa la moto getini,
mimi nimo ndani kwa amri,
nalinda redio isiyo na wa kumwita.

Zamu ilipokaribia kwisha nikatoka na ile ya mkononi.
Orest akanimiminia kahawa bila kuniangalia sana.
"Mmefikia wapi na madai yenu?" nikauliza,
nikaisikia ikitoka, ile *m*,
ile *yenu*.
Mwezi uliopita ningesema *tumefikia*.
Hakuna aliyecheka. Mtu akatupa ubao motoni.

Hapo redio ikakoroma kiunoni:
meneja, kaendesha greda mwenyewe,
kazama mtaroni Algoma,
anaomba mratibu, haraka, mratibu.

Orest akanitazama.
Kahawa ilikuwa bado ya moto.
Nikaipuliza kwanza.