Ripoti ya Siku ya Nne

Ndugu Nang'uto, mnunuzi wa korosho, Newala:
mkeo Somoe nimemwona.
Jumatatu, soko la Chikongola, kachagua mihogo,
mmoja kaurudisha, umeoza.
Jumatano, mwavuli wa bluu, mwendo wa haraka.
Barabara ni ya wote;
jicho halitozwi ushuru.

Alhamisi kaingia hospitali, Ligula.
Nikakaa nje, dakika arobaini na moja.
Karani wa mafaili akaninong'oneza:
"Elfu kumi tu, kaka."
Mkono ulishafika mfukoni.
Ukatoka mtupu.

Kile kinasa sauti, kidogo kama punje ya kunde,
ulichotaka nikibandike uvunguni mwake,
nakirudisha. Nimekifunga kwenye gazeti.
Uvungu si barabara,
na gerezani Lilungu sina ndugu
wa kuja kunitazama.
Dirisha lake lina pazia.
Pazia nalo husema: basi.

Unauliza, ndani kuna nini?
Mwenye ndani hakunituma.

Nauli nimekata. Salio hili hapa,
elfu themanini na tano, hesabu mwenyewe.
Shaka ikizidi kukuwasha, panda basi la asubuhi.
Mlango nimeuona, wa kijani, rangi imebanduka.
Unabishwa hodi.